Mhariri, haya matangazo ya "gari jipya bila kodi" yanatuumiza

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee jambo linalonikera na ambalo linawahusu wasomaji wako wengi tunaoishi huku Marekani, nayo ni haya matangazo ya "nunua gari jipya New Hampshire, hamna kodi" ambayo yanatoka kwenye gazeti lako alafu yanapigwa picha na kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu wa Lowell, Worcester mpaka Springfield. Tangazo lenyewe halijaandika uongo, New Hampshire kweli haina kodi ya mauzo. Lakini mtu anayelisoma akiwa anaishi Massachusetts anaelewa kwamba na yeye hatalipa kodi, na hapo ndipo anapoumia, kwasababu kodi ya gari haibaki kwenye yadi uliponunua, inakufuata wewe mpaka pale unapoishi na kusajili gari.

Tuchukue hesabu yenyewe. Kodi ya mauzo hapa Massachusetts ni asilimia 6.25, imekuwa hivyo tangu 2009. Ukinunua gari la dola 36,000 kwenye yadi ya hapahapa, dila, yaani muuza magari mwenye yadi, anaweka dola 2,250 za kodi kwenye hesabu, na mara nyingi anaziingiza ndani ya mkopo wako kwa hiyo wala huzisikii, unazilipa kidogokidogo kwenye marejesho ya kila mwezi. Ukivuka mpaka ukanunua gari hilohilo Nashua au Manchester kwa bei ileile, karatasi ya mauzo inaonyesha sifuri kwenye mstari wa kodi na wewe unaona umeokoa. Sasa nenda kalisajili. RMV, ile ofisi ya jimbo ya kusajili magari, wanakutoza asilimia 6.25 ileile, dola 2,250 zilezile, na safari hii unatakiwa uzitoe zote kwa mkupuo kabla hujapewa pleti namba. Kuna yadi za New Hampshire ambazo zinamwambia mteja wa Massachusetts ukweli huu tangu simu ya kwanza, zinamsaidia kupiga hesabu mpaka kumsajilia gari kabla hajalichukua, hao nawapongeza kabisa. Lakini kuna nyingine zinanyamaza, kwasababu zinajua kimya ndio kinachouza.

Nina dada ninayemfahamu, anafanya kazi ya kulea wazee, shifti mbilimbili, mtu aliyejinyima muda mrefu ndio akapata gari jipya la kwanza maishani mwake. Alienda kusajili akiwa ameandaa hela ya usajili dola 60 na hela ya hati ya umiliki dola 75, akijua ndio basi. Akaambiwa dola elfu mbili na kitu. Hakuwa nazo, nani anatembea na hela hizo? Gari likakaa bila pleti, bima inalipwa, rejesho la kwanza la mkopo likafika na yeye bado anapanda basi kwenda kazini, mpaka wenzake wa chama walipomchangia. Kila nikiliona tangazo lile namkumbuka huyu dada, na najua hayuko peke yake maana nimesikia habari za namna hii kwa watu wengi mno.

Na sio New Hampshire tu. Majimbo yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo ni matano, Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, na kila moja lina watu wanaolipigia debe kwenye mitandao. Ndugu zetu walioko Philadelphia wanaambiwa waende Delaware, walioko Vancouver ya jimbo la Washington wanaambiwa wavuke daraja waingie Portland. Matokeo ni yaleyale, jimbo unaloishi litadai chake siku unasajili. Ukinunua kwenye jimbo lenye kodi na dila akakukata kodi ya huko kabla hujaondoka, tunza ile karatasi kama yai maana majimbo mengi yanakuondolea ulicholipa kwingine, lakini lazima uthibitishe, na kama kodi ya kwenu ni kubwa zaidi utaongezea tofauti.

Kibaya zaidi ni huu ushauri wa Montana. Unaambiwa fungua kampuni Montana kwa dola kadhaa, sajili gari kwa jina la kampuni, kodi imeisha. Jamani, nawasihi ndugu zangu, hasa ambao makaratasi yetu ya uhamiaji bado yanaangaliwa, tusiguse hiyo kitu. Unaishi Massachusetts, gari linalala Massachusetts, unaliendeshea Massachusetts, alafu umeandika liko Montana, huko ni kukwepa kodi na majimbo yanafuatilia. Na siku ukipata ajali kampuni ya bima ikigundua gari halilali pale ulipoandika, wana sababu ya kukataa kulipa. Unaokoa dola elfu mbili unabaki na deni la gari lililopondeka.

Naongezea kitu ambacho wengi hawakijui, ile kodi ya gari ya kila mwaka inayoletwa na mji wako hapa Massachusetts, dola 25 kwa kila dola 1,000 za thamani. Hiyo thamani haipigwi kwa bei uliyonunulia, inapigwa kwa bei iliyotangazwa na kiwanda, kwa asilimia 90 kwenye mwaka wa modeli ya gari, alafu inashuka mpaka 60, 40, 25, na mwisho 10. Kwa hiyo hata kama umebembeleza ukapunguziwa dola elfu nne huko nje, mji hautapunguza hata senti. Iweke kwenye hesabu yako mapema.

Sasa mtu asije akanielewa vibaya akadhani nawakataza watu kununua nje ya jimbo. Hapana, mimi naamini kununua nje ya jimbo ni haki nzuri sana na wengi wetu tungefaidika tukiitumia ipasavyo. Dila wa karibu na kwako akijua huna pengine pa kwenda anakupandishia bei juu ya bei ya kiwanda na kukubandikia vitu usivyoviomba. Ukiwa na uwezo wa kununua Pennsylvania au Ohio unakuwa na nguvu, unaweza kupata rangi unayoitaka, modeli unayoitaka, na bei ya chini kwasababu yadi fulani ina magari mengi na mwezi unaisha na wanataka kufikisha idadi waliyopangiwa. Faida ya kwenda nje iko hapo kwenye bei ya gari lenyewe, kwa ushindani wa madila. Kwenye kodi hamna faida.

Na huo ushindani unapiganiwa kwa maandishi. Hili nalisisitiza hasa kwetu sisi ambao Kiingereza chetu kina lafudhi na tunapigwa maneno ya haraka kwenye simu mpaka tunakubali tusichokielewa. Andika imeli. Kwenye imeli wote tuko sawa. Waandikie madila watano sita wa majimbo tofauti, taja modeli, taja jimbo na namba ya posta (zip code) ya unapoishi, na uombe bei moja tu, bei ya mwisho kabisa ya kutoka getini na gari, iliyoorodheshwa kila dola, na namba ya chasisi ya gari hilohilo na picha ya stika ya kioo. Dila anayekujibu "njoo kwanza tuongee" muache. Ana sababu zake za kutaka uwe umeshakata tiketi na umechoka na safari ndipo akutajie bei.

Hiyo stika ya kioo watu wanaidharau lakini ndio rafiki yako. Wanaiita Monroney, kwa jina la seneta wa Oklahoma aliyeisimamia sheria yake ya 1958, na gari jipya halitakiwi kuuzwa bila hiyo. Inaonyesha bei ya kiwanda, vitu vilivyoongezwa kiwandani, mahali gari lilipoungwa, na gharama ya kulisafirisha kutoka kiwandani mpaka kwa dila. Hiyo gharama ya usafiri ipo tayari pale, kwa hiyo ukiona dila ameweka mstari mwingine wa usafiri ilhali wewe mwenyewe ndiye unayelifuata gari, muulize ni usafiri gani. Stika nyingine ya pembeni iliyochapishwa na yadi, yenye mambo ya dawa ya rangi, hewa ya naitrojeni kwenye matairi, namba zilizochorwa kwenye vioo, hiyo sio ya kiwanda na unaweza kuikataa. Mahali gari lilipoungwa pia pana maana saivi, maana sheria mpya ya kodi ya serikali kuu inamruhusu anayelipa riba ya mkopo wa gari jipya lililoungwa Marekani kuitoa kwenye mapato anayokatwa kodi, mpaka dola 10,000 kwa mwaka, kuanzia 2025 mpaka 2028, isipokuwa wenye kipato kikubwa wanapunguziwa. Hilo halijali umenunua jimbo gani.

Alafu kuna ada ya makaratasi anayokutoza dila. California imewekewa mwisho wa dola 85, New York dola 175, lakini Florida haina mwisho na wapo wanaotoza karibu dola elfu moja kwa kazi ileile ya kujaza fomu. Kwa hiyo gari la Florida lililoonekana rahisi kwa dola mia saba kwenye tangazo linaweza kuwa ghali kuliko la jirani yako. Ndio maana nasema usiulize bei ya gari, uliza bei ya kutoka getini. Serikali kuu kupitia FTC, tume yake ya biashara, ilijaribu kuweka kanuni ya kuwalazimisha madila waseme bei kamili, ikaitangaza Desemba 2023, madila wakaenda mahakamani na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta. Maana yake ulinzi ule haupo, tumebaki na sheria za kila jimbo na macho yetu wenyewe.

Mkopo nao. Tafadhali usiende nje ya jimbo bila mkopo ulioidhinishwa mfukoni. Nenda krediti yunioni, hizi ndizo sacco za huku, wakupe barua ya kiasi na riba, ukifika kwa dila mwambie kama anaweza kuishinda hiyo riba sawa, kama hawezi unayo yako. Ukitegemea mkopo wa dila anaruhusiwa kukuongezea riba juu ya ile aliyopewa na benki na tofauti inakuwa yake. Na kuna mchezo mbaya ambao kwa mtu wa mbali unauma mara mbili, unasaini, unakabidhiwa gari, unaendesha masaa nane mpaka nyumbani, wiki ijayo unapigiwa simu kwamba benki imekataa, rudisha gari au njoo usaini riba kubwa zaidi. Ukiwa umekaa mji mmoja na dila unaweza kwenda kugombana naye, ukiwa majimbo matatu mbali unakubali tu. Kabla hujaondoka na gari pata karatasi inayoonyesha mkopo umeshapitishwa moja kwa moja, na kama mkataba una kifungu kinachosema mauzo yanasubiri benki, usiondoke na gari.

Tena wengi wanaamini kuna siku tatu za kurudisha gari. Hamna. Ile kanuni ya siku tatu ya FTC ni ya vitu kama wauzaji wanaokufuata nyumbani, haihusu gari ulilolifuata kwenye yadi na haihusu ulilolinunua kwa mtandao. Ukisaini umesaini.

Makaratasi yenyewe ndio yanayowatesa watu kuliko hata bei. Gari jipya bado halina hati ya umiliki, lina cheti cha asili kutoka kiwandani, ile karatasi inayothibitisha gari halijawahi kuwa la mtu, na bila cheti hicho kufika kwa wasajili wa jimbo lako huwezi kupata hati. Madila wengi wananunua magari yao kwa mkopo wa benki, kwa hiyo yadi yenye matatizo ya hela inaweza kukuuzia gari na cheti kikachelewa kutoka kwenye hiyo benki, na wewe unazungushwa. Uliza kwa maandishi, cheti cha asili mnacho mkononi? Nani atakipeleka RMV, ninyi au mimi? Kitatumwa lini? Yadi iliyozoea wateja wa nje inajibu hayo maswali bila kigugumizi.

Kwa Massachusetts wakala wako wa bima lazima athibitishe bima kwenye fomu ya usajili, kwa hiyo mpigie yeye kwanza na namba ya chasisi kabla hata hujalipa kianzio. Muulize pia kuhusu pleti za muda, New Hampshire wanatoa za siku 20, lakini usiingie nazo barabarani huku kabla hujahakikishiwa kwamba kwa mkazi wa Massachusetts zinakubalika na bima yako inafanya kazi. Kila jimbo lina zake, Texas kwa mfano wamefuta kabisa pleti za karatasi tangu Julai 1, 2025 kwasababu ya kughushiwa. Ukishasajili una siku 7 za kulipeleka gari kukaguliwa hata kama ni jipya linanukia.

Wanaoishi California wana lao. Mkazi wa kule akinunua gari jipya nje lenye chini ya maili 7,500 na halijathibitishwa kwa viwango vya moshi wa magari vya California, halisajiliwi. Massachusetts na majimbo mengine kadhaa yanafuata viwango hivyohivyo, kwa hiyo omba picha ya stika iliyoko chini ya boneti, isome imeandikwa inakubalika California. Magari mengi siku hizi yako sawa, ila ni picha moja tu kuomba, usiache.

Kuhusu waranti watu wanaogopa bure. Waranti ni ya kiwanda, dila yeyote aliyeidhinishwa wa kampuni hiyo nchi nzima anatengeneza na kiwanda kinamlipa, vilevile gari likiitwa kurekebishwa kasoro. Kitakachobaki kule ni zawadi za yadi, kama kubadilishiwa oili bure, usizihesabu. Ila sheria za magari mabovu, zile za kurudishiwa hela gari likiharibika kila mara, ni za kila jimbo na nyingine zinaangalia gari liliuzwa wapi. Ya California inataka liwe limenunuliwa California. Waulize wa kwenu kabla.

Kama unaletewa kwa lori, hakikisha namba ya USDOT, ile namba ya usajili ya msafirishaji, kwenye mfumo wa serikali na usisaini karatasi ya kupokea kabla hujalizunguka gari mchana na kupiga picha. Na yadi yenyewe ipigie kwa namba uliyoipata kwenye tovuti ya kiwanda, sio namba ya tangazo, kwasababu matapeli wanatengeneza tovuti zinazofanana na za yadi halisi kabisa na wanataka hela zitumwe kwa waya kwa jina la mtu binafsi.

Sasa Mhariri narudi kwako, maana ndiyo sababu ya kukuandikia. Gazeti lako ndilo wazazi wetu wanaliamini, wapo wanaolisoma ambao hawasomi kitu kingine chochote kwa Kiingereza zaidi ya barua za bili, na tangazo likitoka humo kwao ni kama gazeti limethibitisha. Naomba yadi yoyote ya jimbo jingine ikitaka kutangaza kwako iandike kwa Kiswahili, kwa herufi zilezile kubwa za bei, kwamba mkazi wa Massachusetts atalipa kodi ya asilimia 6.25 wakati wa kusajili, na iandike ada yake ya makaratasi ni dola ngapi. Isiyotaka kuandika hivyo, mrudishie hela yake. Najua matangazo ndiyo yanayolipia uchapaji na siombi jambo jepesi, lakini mstari mmoja chini ya tangazo ungemuokoa yule dada.

Msomaji wako,
Lowell, Massachusetts